Leso za nyanya yako: barua kwa Mwanaidi

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mwanaidi,

Hujambo dada? Huku tu wazima, baridi ya Julai tu ndiyo inayotutesa, na stima inakuja na kuondoka inavyotaka. Mama anakusalimu sana, anauliza kama biriani ya Ijumaa bado inapikwa.

Ujumbe wako niliusoma nikarudia. Unataka kushona blanketi la viraka kwa leso za marehemu nyanya yako, umeingia Pinterest ukatazama picha mpaka usiku wa manane, na sasa wauliza mimi kwilti, haya mablanketi ya viraka, nilijifunzia wapi na wewe uanzie wapi. Nimeona simu haitatosha, ndiyo nakuandikia.

Kwanza, Pinterest iache kwa sasa. Picha ya kwilti iliyokwisha haikuonyeshi mshono upi ulitangulia, pasi ilipita upande gani, wala kipande kilikatwa kikiwa na ukubwa gani. Itakupa hamu, na hamu unayo tayari. Unachohitaji ni kuona mikono ya mtu ikifanya kazi. Hiyo utaipata YouTube, kwa mwalimu mmoja utakayemfuata mpaka umalize kitu kimoja, hata kama ni foronya ya mto wa kochi.

Mimi nilianza na Jenny Doan, mama wa Kimarekani wa mji mdogo wa Hamilton, jimbo la Missouri. Kampuni ya familia yake ya vitambaa vya kwilti, Missouri Star, ilianza mwaka 2008, na video zake ni za bure. Anaongea bila haraka, anacheka, na kamera inakaa mikononi mwake. Lakini kila mara utamsikia akitaja pakiti za vitambaa vilivyokatwa tayari: miraba ya inchi 5, miraba ya inchi 10, mikanda ya inchi 2 na nusu. Hizo usizitafute Mombasa, na tafadhali usiagize; pesa ya usafirishaji na ushuru inunulie kitenge. Yale ni vipimo tu, Mwanaidi. Chukua futi, chaki na mkasi mkali, kata kitenge chako inchi 5 kwa 5, na utakuwa na kile alichonacho yeye mezani.

Jambo ninalokusihi ulishike kuliko yote ni robo inchi. Mshono wa kwilti unakula robo inchi ya kila kipande, kama milimita 6. Mraba wa inchi 5 ukishashonwa pande zote unabaki inchi 4 na nusu. Sisi tuliozoea kushona madera hatuhangaiki na milimita moja, kwa sababu dera lina nafasi. Kwilti haina. Chukua safu ya miraba 12. Mshono ukiingia ndani milimita moja zaidi, unakula milimita 2 kwa vile vipande ni viwili, na mishono iko 11. Safu hiyo itakuwa fupi kuliko jirani yake kwa zaidi ya sentimita 2, na hakuna pasi itakayozilinganisha. Siku utakayokaa kwenye cherehani, bandika selotepu kwenye bamba lake, robo inchi kutoka pale sindano inaposhuka, na ukingo wa kitambaa utembee kando ya selotepu hiyo. Njia hii utaikuta kwa karibu kila mwalimu wa mtandaoni, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu inaitii sawa na ya stima.

Robo inchi ikishakutulia mkononi, tazama wanavyotengeneza pembetatu. Unaweka miraba miwili ya rangi tofauti uso kwa uso, unachora mstari kutoka kona hadi kona, unashona robo inchi kila upande wa mstari, kisha unakata juu ya mstari wenyewe. Ukifungua unapata miraba miwili, kila mmoja nusu rangi hii na nusu ile. Ukitaka mraba utakaobaki inchi 6 baada ya kushonwa, anza na wa inchi 7, kisha uupunguze hadi inchi 6 na nusu. Nilipoiona mara ya kwanza nilishindwa kulala, nikaamka kupekua kabati.

Vitambaa havinisumbui huku. Vitenge nanunua Biashara Street na Eastleigh, na mashati ya pamba ya wanaume nayatoa Gikomba. Mgongo wa shati kubwa unakata miraba mingi mizuri. Nyumbani kabla ya kukata nachoma uzi mmoja mmoja. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu, na hiyo siiweki kwenye kwilti kwa sababu pasi ya moto itaiharibu. Halafu kila kitambaa nakifua peke yake mpaka maji yatoke safi. Leso nyekundu usiionee huruma hapo, ifue tena na tena, maana ikichuja baadaye itapaka rangi kazi yote. Tabaka la katikati, kati ya viraka vya juu na kitambaa cha chini, mimi natia blanketi jepesi la flisi la mtumba, na linafaa kabisa.

Video nazipakua kazini penye waifai. Nikifika nyumbani naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, nasimamisha, nashona, nairudisha nyuma.

Sasa nikuambie kilichonifanya niipende kazi hii kweli. Tafuta mtandaoni Gee's Bend. Ni kijiji cha Alabama, kwenye kona ya mto, wakaaji wake wengi ni vizazi vya Waafrika waliotumikishwa utumwani kwenye shamba la mtu aliyeitwa Pettway, na wengi hadi leo wana jina hilo. Kina mama wa pale walishona makwilti kwa sababu nyumba zilikuwa za baridi. Walitumia nguo za kazi za shambani, magunia, chochote kilichobaki, na bila kufuata mchoro wa mtu. Mstari unapinda, ukanda mmoja mpana na mwingine mwembamba, ghafla nyekundu katikati ya buluu iliyopauka. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika Whitney, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitia kwenye stempu. Wengi wanaoshona kwilti za kisasa leo wamejifunza kutoka kwa wanawake hao, hata pale ambapo hawawataji, na mimi naona ni haki watajwe kwanza.

Mmoja wao aliitwa Missouri Pettway. Mumewe alipofariki, alichukua nguo zake za kazi akazikata akashona kwilti ya kujifunika na kumkumbuka. Hiyo ni ya mwaka 1942. Nguo zimechujuka, unaona mahali goti lilipochakaa na mahali mfuko ulipobanduliwa, pale chini yake rangi bado ni nzito. Itazame taratibu kabla hujagusa leso za nyanya yako. Mimi nilipoitazama nililia, na nilikuwa nikimwaza nyanya yako, jinsi alivyokuwa akitufunga leso kiunoni sote wawili kabla ya kutuingiza jikoni.

Uliuliza pia hii ya kisasa inatofautianaje na ile ya zamani. Chama cha Modern Quilt Guild kilianza Los Angeles mwaka 2009, na maonyesho yake, QuiltCon, yakaanza Austin mwaka 2013. Picha za washindi ziko mtandaoni. Utaona rangi tupu zisizo na maua, nafasi kubwa zilizoachwa wazi, muundo uliohamia pembeni, mishono iliyonyooka sambamba juu ya kitambaa kizima. Hiyo nafasi wazi ndiyo itakayokufaa. Leso ina mambo mengi, ukibananisha leso kumi kiraka kwa kiraka macho hayapati pa kukaa. Tia kitambaa cheupe au cha kijivu baina yake na kila leso itasema yake.

Lakini wewe cherehani huna bado, na sitaki usubiri. Kwa hiyo pa kuanzia pako ni kawandi, kwilti ya kushona kwa mkono. Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wao upande huu wa mashariki, wakavushwa bahari ya Hindi. Wanawake wao wanashona kwilti kwa mkono kwa nguo kuukuu, na mara nyingi sari iliyochakaa ndiyo kitambaa cha chini. Wanaanzia kona moja, wanakunja ukingo wa kiraka na kukishona kwa bandi ndogondogo, kisha kingine pembeni yake, wakizunguka kutoka nje kuingia ndani mpaka wakutane katikati. Uzi ule ule unaoshikilia kiraka unashikilia tabaka zote, kwa hiyo ukimaliza viraka umemaliza kwilti. Kwenye kona nne wanatia vipande vilivyokunjwa, phula, yaani maua. Hakuna robo inchi ya kuhesabu, hakuna stima ya kungoja, na video zake ziko YouTube tayari. Utafanya ukiwa barazani na watu wanapiga soga.

Shona ya kwanza ndogo, ya kutosha kiti, kwa vitambaa vyako vya kawaida. Leso za nyanya zikae sandukuni mpaka mkono wako uzoee. Na ukizifikia, majina, yale maandishi ya leso, usiyakate katikati. Kata mji, ile sehemu ya katikati, na pindo utakavyo, lakini maneno aliyoyachagua dukani yabaki mazima, hata ikibidi ukanda wote wa jina uushone kama ulivyo katikati ya blanketi. Zile zilizochanika zifanye viraka. Kama kuna doti moja nzima, vipande vyote viwili havijachanika, ningeiunga iwe upande wa chini wote, bila kuikata hata kidogo. Leso moja ni kama mita 1.5 kwa 1.1, kwa hiyo ukiziunga kwa upande mrefu unapata mita 1.5 kwa kama 2.2, na hiyo inafunika kitanda cha mtu mmoja.

Kesho mchana zitandaze sakafuni penye mwanga, moja moja, unipigie picha. Niandikie na majina yake yote, na uniambie zipi zimeoza na zipi bado zina nguvu ukizivuta. Mimi mwezi ujao nikipata nafasi nitashuka na treni, nitakuletea flisi ya Gikomba, sindano na nyuzi. Mwambie mama mkwe wako salamu, na watoto wote.

Ni mimi nduguyo,
Nekesa