Poda ya maziwa na mifupa yetu

Mhariri,

Wachuuzi wa virutubisho wanaozunguka hapa Kisumu wanawaambia akina mama wazee kwamba bila poda yenye "peptaidi za maziwa", kalsiamu haiingii mwilini. Bei yake siitaji, isije ikakukosesha usingizi.

Dai lenyewe lina mzizi. Protini ya maziwa iitwayo kasini ikimeng'enywa hutoa vipande vidogo vyenye fosfati (ndizo hizo peptaidi), vinavyoshika kalsiamu na kuizuia isigande utumboni. Olof Mellander wa Uswidi aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1950, baada ya kuchunguza watoto wenye matege. Maabara na panya vimeleta matumaini. Kwa binadamu ndipo hadithi inapolegea: majaribio machache yaliona ongezeko dogo, mengine hayakuona lolote. Isitoshe, vipande hivyo hivyo hujitengeneza tumboni mtu anapokunywa maziwa ya kawaida, na hakuna anayemtoza kwa hilo!

Glasi ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mwili huchukua kama thuluthi. Vitamini D ina uzito zaidi kuliko poda hiyo. Asiyepatana na maziwa ana omena, maadamu anaila na mifupa yake, na sukuma wiki, ambayo kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko ya spinachi.

Naomba maafisa wa afya wa kaunti wawatake wauzaji hao waonyeshe ushahidi uliofanywa kwa watu, kabla hawajafika soko jingine.

Msomaji,
Kondele, Kisumu