Salamu za Idi kutoka Kwenye Kopo la Biskuti

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu, mashoga zangu, wanangu wa kuzaa na wa kulea, na jamaa wote mlioko Pemba, Bara, Mombasa, Maskati na huko Uingereza kwenye baridi.

Mwezi umeandama, Mfunguo Mosi umeingia. Idi Mubarak. Minal aidina wal faizina. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atufikishe mwakani sote tukiwa na afya na imani. Amin.

Salamu ndiyo hiyo. Mwenye pilau jikoni na aishie hapa akaliangalie, sitamlaumu. Mie nina maneno ya ziada, na nimeyaweka kifuani tangu kumi la mwisho la Ramadhani.

Hii ni sikukuu yetu ya kwanza bila ya Bimkubwa, mama yetu. Wengi wenu mlikuja mazikoni, na msiofika mlipiga simu, Mungu awalipe. Alitutoka Rajabu, kabla hata hatujaanza kuhesabu siku za Ramadhani. Basi mwezi mzima tumefuturu tukiwa tumeacha pengo pale mkekani alipokuwa akikaa, hakuna aliyelipanga, na hakuna aliyethubutu kulikalia. Uji wa pilipili manga nimeupika mie. Haukuwa ule.

Usiku wa kuamkia ishirini na tatu nilikuwa natafuta mkasi. Nikaingiza mkono chini ya kitanda chake, nikavuta lile kopo kubwa la biskuti ambalo tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuligusa. Nikadhani nitakuta nyuzi na vifungo. Nimekuta karatasi. Magazeti, kalenda kuukuu, karatasi za mifuko ya saruji zilizonyooshwa kwa pasi ya mkaa, zote zimekatwa kwa umbo: kifua cha mbele, mgongo, mkono, kola. Kila nguo imekunjwa furushi lake, limefungwa uzi, na juu yake jina la mtoto na mwaka wa Hijria, kwa herufi zake za Kiarabu alizofunzwa chuoni. Nimehesabu mafurushi 31. Watoto wake, watoto wa jirani, wajukuu. Wengine sasa wana mvi. Lipo moja dogo la mdogo wetu aliyechukuliwa na surua kabla ya kuivaa nguo yake. Bimkubwa hakulitupa, wala hakumkatia mtoto mwingine kwa karatasi ile.

Langu ni la mwaka 1403. Nikapiga hesabu: Julai 1983, nina miaka saba. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Sabuni foleni, sukari foleni, na duka la nguo lina rafu na muuzaji tu. Gauni langu la Idi lilitoka kwenye pazia la ukumbini, la maua ya rangi ya chungwa, na dirisha likabaki uchi mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya kuchinja. Wageni walipouliza, Bimkubwa akawaambia anataka hewa.

Ilikuwa wakati wa kusi, upepo mzuri. Kaka yangu, huyo aliyeko Maskati anayejifanya mtu mzima, akaunda kishada. Gazeti akaliomba kwa babu, chelewa akazichomoa kwenye ufagio wa uani (akala kofi kwa hilo), gundi akakoroga uji mzito wa unga wa muhogo. Mkia akafunga kwa vipande vilivyobaki kwenye gauni langu. Tukaenda Mnazi Mmoja, hapa hapa Unguja, sikukuu mosi, mie nimevaa maua ya chungwa na kishada kinapunga maua ya chungwa juu ya vichwa vya watu, na watoto wa mtaa wa pili wakaimba kuwa kishada kimevaa gauni na gauni limekosa upepo. Nililia mpaka nikanunuliwa ubuyu. Leo ningetoa kitu kikubwa nilione tena pazia lile.

Sasa nikwambieni kitu nilichokiona kwenye karatasi zile, ambacho nilikivaa miaka yote nisikijue. Chini ya kila gauni na kila kanzu pana mstari, na chini ya mstari pana nyongeza ya vidole vinne. Pembeni kaandika neno moja: kukulia. Ndilo pindo lake. Bimkubwa hakumkatia mtoto nguo kwa kimo cha leo. Alipinda vidole vinne kwa mkono, kwa bandi ndefu ndefu zinazofumuka kwa kuvuta uzi mmoja tu. Ikifika Idi ya pili anafumua kidole kimoja. Mwakani anafumua tena, na ule mstari wa kunjo la zamani ambao hautoki hata upige pasi vipi, anaufunika kwa utepe, na watu wanasifu utepe. Nguo moja Idi tatu. Ya nne inakwenda kwa mdogo mtu. Ya tano ni tumbo la mwanasesere au mkia wa kishada. Hakuna kilichotoka nyumbani kwetu kikiwa kitambaa kizima.

Na mwaka huu, jamani, si mwaka wa kuchezea kitambaa. Bei mnazijua, mmezikuta sokoni kama nilivyozikuta. Niliingia Mchangani na orodha ya watoto watano nikatoka na nguo ya watoto watatu, na huyo muuzaji ananiambia nimshukuru. Lesi siisemi. Uzi wenyewe, kitu ambacho zamani ulikuwa unaongezewa bure ukinunua mita mbili, sasa unapimiwa kwa jicho kali. Halafu nyumbani mchele, mafuta, nauli, ada inasubiri mlangoni, na mtoto haelewi mfumuko wa bei, anaelewa kuwa kesho ni Idi.

Ndiyo maana watu wanakimbilia magauni ya kwenye boksi. Siwacheki, mwaka jana nilikimbilia mie mwenyewe. Nikamnunulia mjukuu wangu gauni la vimetameta, fedha ya nguo za watu wazima wawili. Sikukuu mosi alikuwa malaika. Sikukuu pili zipu ikapasuka tukiwa Kariakoo kwenye bembea, na shingo imempiga vipele. Usiku nikaligeuza ndani nje nione kama naweza kuliokoa, nikatafuta pindo. Halina. Limekatwa pale pale linapoishia, ovaloki imepita, basi. Nguo ile ilishonwa kwa mtoto asiyekua.

Kwa hiyo mwaka huu nikasema nitashona. Mie si fundi, ni mwalimu wa darasa la pili, na Bimkubwa alikuwa akiniambia mkono wangu unafaa chaki. Nikatoa karatasi ya binti yangu alipokuwa na miaka sita, maana mjukuu amemfanana mabega. Nikaitandaza juu ya kitambaa, nikachora kwa kipande cha sabuni kilichokauka kama alivyokuwa akichora yeye, nikaongeza nusu inchi ya mshono pande zote, nikakata. Umeme ukakatika. Usiku wa ishirini na saba, mafundi wote wa mtaa wana viporo vya wiki mbili na kila mteja anaambiwa njoo kesho, halafu umeme ukatike! Nilisikia mtaa mzima ukipiga kelele kwa pamoja. Mie nikashukuru cherehani ya kukanyaga ya Bimkubwa, ambayo haijui umeme ni nini, nikaendelea kwa taa ya simu.

Asubuhi nikaona nilichokifanya. Nimekata mikono miwili, yote ya kushoto.

Kitambaa kimekwisha, duka lina bei ile ile ya jana na zaidi. Kilichokuwa karibu chenye rangi ya kukubaliana kidogo ni khanga ya Bimkubwa, ile aliyokuwa akijifunga akiwa kazini. Niliishika nikaketi. Bado ina udi. Nilikaa nayo mpaka adhana ya adhuhuri, nikaswali, nikarudi, nikaikata mkono wa kulia. Maneno ya khanga yameingia kwenye mshono wa kwapa, zimebaki herufi tatu tu, NYA, na mtoto mwenyewe ndio kwanza anajua kusoma, basi tangu ameliona gauni anazunguka nyumba nzima akisoma mkono wake, nya, nya, nya. Amenifanya nicheke siku ambayo sikupanga kucheka.

Kina mama wenzangu, hasa nyie vijana. Mnisamehe, ualimu ni maradhi, lakini nani mwingine atasema? Kipya kinyemi ingawa kidonda, najua, na mtoto kuvaa vizuri siku ya Idi ni katika mambo tuliyopendezewa na dini. Lakini dini haikututuma tukakope. Hakuna Idi ya mtoto inayotaka baba yake akae na deni mpaka Mfunguo Tatu, akwepe kupita mbele ya duka la mtu. Ukiwa huna, kata nguo ya zamani. Ina kitambaa kizuri kuliko hiki cha leo, wallahi. Na ukiwa nacho, usimvalishe wako nguo tatu kwa siku nne huku mtoto wa jirani asiye na baba anachungulia mlangoni na fulana ya shule. Tumetoa zakatulfitri, pishi ya chakula kwa kila kichwa, hata cha mtoto mchanga, ili maskini naye asiombe siku ya Idi. Basi mtoto yatima naye asione haya siku ya Idi. Mita moja na nusu, jamani. Mita moja na nusu na usiku mmoja wa kutokushika simu!

Na simu nazo. Picha ya mwezi na msikiti unaometameta imenifikia mara saba tangu jana, kutoka kwa watu saba, mmoja wao yumo humu humu ndani ananiita tule. Nawashukuru, nia ni njema. Ila mtoto hafundishwi salamu kwa kidole gumba. Mie kumi la kwanza niliwakusanya wa mtaani baada ya futari, kina yahe wote, wasichana na wavulana, maana sindano haimuulizi mtu jinsia yake. Nilitoa majalada ya madaftari yaliyokwisha na karatasi za manila zilizobaki za shuleni. Wakakata kadi, wakakunja, wakachora, mmoja kaandika "Idi Mubaraki bibi naomba mia tano" na hiyo ndiyo kadi iliyonyooka kuliko zote. Wakaunganisha mnyororo wa karatasi kutoka dirishani kwetu mpaka dirisha la ng'ambo ya uchochoro. Mvua ya masika ilipiga siku ya pili ukageuka uji. Wakaunganisha mwingine.

Wafundisheni kutunga uzi kwenye sindano kabla hawajafunzwa neno la siri la intaneti. Wafundisheni kupinda. Wavulana pia, tena wao kwanza, maana ndio wanaokuja kuoa watoto wa watu na kifungo kimoja hawawezi kukirudishia. Mtoto aliyeshona hata kimfuko cha kuwekea fedha zake za sikukuu hakitupi, na hatadharau mkono wa aliyemshonea. Wazee wetu wanakwenda. Kila mmoja anakwenda na mkono wake, na sie tumebaki tunauliza mikono ya kushoto inakuwaje miwili. Ulizeni leo wangali hai! Kaeni nao chini, shikeni mkasi, waacheni wawakaripie. Mie nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya kuuliza, nikaiacha yote nikisubiri likizo.

Basi. Nimesema sana.

Kwa yeyote niliyemkosea kwa ulimi au kwa kutokumjibu simu wakati wa msiba, naomba radhi kwa ajili ya siku hii tukufu, nami nimesamehe. Kullu aam wa antum bikhayr. Wagonjwa Mungu awaafu, wasafiri awarudishe salama, wanaotafuta watoto awajaalie, wanafunzi awafungulie, wafiwa atupe subira, na Bimkubwa wetu amlaze pema pamoja na wema wote waliotangulia. Amin, amin.

Na nyie wa Maskati na Uingereza, zimebaki siku kama sabini kufika Idi ya Mfunguo Tatu. Nitumieni vipimo vya watoto mapema, si usiku wa kuamkia Arafa: bega, kifua, urefu wa mkono, na kutoka bega mpaka kifundo cha mguu. Mpimeni mtoto akiwa amesimama wima, si amelala. Umri andikeni, pindo nitaongeza mwenyewe. Na kaka, wewe nitumie na gazeti la huko, kubwa, lisilokunjika hovyo. Chelewa zipo, ufagio ninao.