Mwanangu, anza na nikeli kumi na moja

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Huku wote tu wazima, goti la baba yako linaendelea vizuri, na mvua za vuli zimeanza. Hofu yetu ni kwako tu na baridi ya Ohio.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Kumbe sasa unataka kuingia kwenye rejesta ya seti, ile orodha ya mashindano inayoendeshwa na kampuni za kupima sarafu, sarafu zako zishindane na za wakusanyaji wengine, na kila mwezi unaweza kutenga dola 60 bila kugusa kodi ya nyumba. Nimefurahi mno. Ile miaka tisa niliyolea wazee hapo Columbus, nikirudi zamu ya usiku miguu imevimba, kilichonituliza ni kukaa mezani na sarafu zangu. Wewe ulikuwa ukizipanga sakafuni kama treni. Sikujua kama kuna kitu kilibaki moyoni mwako.

Ila umesema unaanza na dola za Morgan, zile dola za fedha za zamani, seti nzima, mwaka kwa mwaka na kiwanda cha kupigia sarafu kwa kiwanda. Hapo ndipo nilipoamua kuandika barua badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu utaniitikia "sawa mama" halafu utakwenda kununua.

Morgan ni sarafu nzuri, sikatai. Zilipigwa kuanzia 1878 hadi 1904, zikarudi tena 1921, na seti yake inakaribia vipande mia. Watu huanza na zile rahisi. Ya San Francisco ya 1881 utaipata inang'aa kama imetoka mashineni jana, kwa bei inayobebeka. Mwaka wa kwanza unajaza nafasi moja baada ya nyingine na unajiona umefika. Kisha unakutana na ya San Francisco ya 1893. Zilipigwa 100,000 tu, na hata iliyolika mpaka uso wa mwanamke aliyechorwa juu yake haujulikani, bei yake ni maelfu ya dola. Ukiipita hiyo kwa macho, unakutana na ya Philadelphia ya 1895, ambayo wakusanyaji wanashindania vile vipande 880 vilivyopigwa maalumu. Kwenye maonyesho ya sarafu ya Baltimore nilikaa meza moja na mzee mmoja mwenye albamu ya Morgan. Ilikuwa imejaa, isipokuwa matundu matatu. Aliniambia matundu hayo yamekuwa wazi tangu kabla mjukuu wake hajazaliwa, na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama pale nyuma ya kiti, kijana mzima.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla ya kununua sarafu ya kwanza ya seti yoyote, ulizia bei ya ile iliyo ngumu kuliko zote. Hiyo ndiyo bei ya seti. Zilizobaki ni nauli ya kufikia hapo.

Sasa tupige hesabu. Dola 60 kwa miezi 12 ni dola 720. Ukichukua senti kumi za Roosevelt za fedha, za 1946 hadi 1964, hazina sarafu ya kutisha hata moja. Lakini ni vipande 48, na 720 ukigawa kwa 48 unapata 15. Ada ya kupimisha sarafu moja, yaani kampuni kuikagua, kuipa daraja na kuifunga kwenye kasha, ukijumlisha na posta ya kwenda na kurudi, inakula zaidi ya hizo 15, na sarafu yenyewe bado hujainunua. Hili ndilo wanaoanza hawalioni. Kwenye sarafu za bei nafuu, unachokilipia zaidi ni kile kipimo na lile kasha la plastiki. Ndiyo maana nasema chagua seti fupi. Na mwaka huu wa kwanza usitume kitu kupimwa wewe mwenyewe. Nunua zilizokwisha kupimwa na mtu mwingine. Sarafu nyingi za kawaida huuzwa ndani ya kasha lake kwa fedha ndogo kuliko alizotumia aliyezipeleka.

Seti ninayotaka uanze nayo ni nikeli za vita, yaani senti tano za Marekani za wakati wa vita. Unaikumbuka ile niliyoipata kwenye rola ya benki? Nilikuwa nimechukua rola za dola mbili mbili, nazimimina kwenye kitambaa cha meza, na katikati ya zile senti tano nyeupe ikatoka moja ya kijivu cha risasi, kama iliyokaa kwenye majivu. Nikaigeuza. Juu ya kuba la Monticello, ile nyumba ya rais Jefferson iliyochorwa nyuma ya sarafu, kulikuwa na herufi P, kubwa, imekaa peke yake kama mwezi juu ya paa. Nilikuwa sijawahi kuona alama ya kiwanda kubwa namna ile. Nilikuamsha, ukanitazama na usingizi wako, ukarudi kulala.

Ile P ilikuwa na kazi. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, Marekani ilihitaji madini ya nikeli kwa ajili ya silaha, basi kuanzia mwishoni mwa 1942 hadi 1945 senti tano zikapigwa kwa shaba asilimia 56, fedha 35 na manganizi 9. Wakaweka herufi kubwa juu ya kuba ili baada ya vita ziweze kutambulika na kuondolewa. Hapo ndipo Philadelphia ilipoweka herufi yake kwenye sarafu kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 1942 ni mbili, P ya Philadelphia na S ya San Francisco. Kwa 1943, 1944 na 1945 ni tatu tatu, P, S na D ya Denver. Jumla 11, basi. Hakuna ya 1893 inayokungoja gizani. Dola 720 kwa 11 ni dola 65 kila moja, na kwa fedha hizo unaweza kutafuta daraja la 66 kati ya 70 bila kujinyima.

Ukiona ya 1944 isiyo na herufi juu ya kuba, usidhani umeokota bahati. Ni za bandia, alizitengeneza mtu wa New Jersey aitwaye Francis Henning, akasahau ile herufi, na kusahau huko ndiko kulikomponza. Wapo wanaozikusanya, lakini kwenye seti hazina nafasi.

Utakutana na mitego miwili. Wa kwanza ni ngazi. Mbele ya Monticello kuna ngazi, na sarafu ambayo ngazi zake tano au sita zimetoka zote bila kukatika hupewa alama ya pekee, na bei hupanda mara nyingi, pengine kuliko daraja lenyewe. Usizifuate mwaka huu. Wa pili ni aina za makosa, kama ile ya 1943 ambayo chini ya 3 unaona 2. Rejesta huwa na orodha ya seti ya kawaida na orodha yenye makosa hayo. Wewe jiandikishe kwenye ya kawaida. Na kabla ya yote amua kampuni ya kupima, PCGS au NGC, maana rejesta ya PCGS hupokea sarafu zilizopimwa na PCGS tu. Watu wamenunua nusu PCGS, nusu NGC, kisha wakabaki na seti mbili zenye mapengo. Kwenye mashindano nafasi tupu haikupi kitu.

Daraja nalo lielewe. Kipimo ni cha 1 hadi 70. Kilianza na Dkt. William Sheldon mwaka 1949, alipokuwa akizipanga senti kubwa za kale za Marekani. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu isiyowahi kuingia sokoni. Kati ya 65 na 66 jicho lako halitaona tofauti kubwa, ila ukifika 67 na 68 bei inaruka, na huko juu kuna watu wenye mifuko mirefu. Usiende kugombana nao. Jaza nafasi zote 11 kwa 66 safi, zinazofanana rangi, ndipo uanze kupandisha moja moja. Seti iliyokamilika huweza kuipita seti ya tajiri mwenye mapengo, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Nikwambie na lililo moyoni mwangu. Nikeli ni za kushindania. Lakini ukishazimaliza, kuna seti nyingine ningependa uijenge taratibu, na hiyo nitakusaidia kulipa. Bibi yako, mama yangu, alikuwa na senti zenye matundu amezitunga kwenye uzi wa katani. Babu alikuwa mkata mkonge, na senti hizo ndizo alizolipwa. Kati yake mlikuwa na sarafu moja ya senti kumi, ya 1936. Pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, upande wa pili kuna taji na jina la mfalme Edward wa nane. Mfalme huyo alishika kiti Januari 1936 akakiacha Desemba mwaka huohuo, kwa ajili ya mwanamke aliyempenda. Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa sarafu yake madukani, lakini sarafu zetu zenye matundu hazikuwa na picha ya mfalme, jina tu, kwa hiyo ziliwahi kupigwa na kusambazwa. Basi jina la mfalme ambalo Mwingereza hakulishika mkononi, babu yako mkata mkonge alilipwa nalo.

Na si sisi peke yetu. Afrika Mashariki ni senti tano na senti kumi. Afrika Magharibi ya Mwingereza ni peni moja, nusu peni na sehemu ya kumi ya peni. Fiji peni moja, New Guinea peni moja. Zote zina matundu, zote za 1936, jumla aina saba. Hata Kutch ya India, walikotoka wale Wakachi wa Unguja na hapa Tanga, walipiga kori za fedha kwa jina lake, ila hizo hazina tundu na tuziache kwa siku nyingine. Saba hizi si ghali, na kila moja ina hadithi utakayowasimulia wanao. Kabla ya kununua angalia kama rejesta ya kampuni yako ina orodha yake. Kama haina, NGC wana upande wa seti za kujipangia mwenyewe, ambako hakuna kupimana alama. Unaweka picha na maelezo yako, na mtu akifungua anasoma.

Kwa zile za shaba, usiumie kutafuta nyekundu kamili. Nyekundu ni ghali na joto au unyevu ukiigusa inageuka kahawia, na fedha zako zimegeuka nayo. Chukua nyekundu iliyochanganyika na kahawia, imetulia, ina uzuri wake. Usiziweke kwenye vile vifuko laini vya plastiki ya PVC, huacha utelezi wa kijani.

Na usioshe kitu, nakuomba. Hili nalisema kwa uchungu. Zile za bibi yako nilikuja nazo Ohio, na nilipotaka kuipeleka hiyo ya 1936 ikapimwe, niliisugua kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia la shaba hapa nyumbani. Ilitakata, nikaona nimeiheshimu. Iliporudi, karatasi ya kwenye kasha haikuwa na namba. Iliandikwa tu kwamba imesafishwa. Nililia jikoni, wewe ulikuwa shule.

Nimempa shangazi yako, anayekuja Desemba, hiyo senti kumi akuletee. Nimeitoa kwenye kasha. Siku ikifika, azima nikeli moja nzuri kwa muuzaji, kaa chini ya taa ya meza, zima taa nyingine zote, ushike hii mkono mmoja na ile mkono wa pili, kwenye ukingo, si usoni. Ziinamishe polepole. Kwenye nikeli mng'ao utauona unazunguka, unatembea kama miale ya gurudumu. Kwenye ya bibi yako mwanga utasimama mahali pamoja, hauendi, haurudi. Zirudie mpaka uweze kuzitofautisha bila kujiuliza. Baada ya hapo fungua hesabu ya kampuni yako ya sarafu ilizokwisha kupima, tafuta ipi kati ya zile 11 ni chache zaidi kwenye 66, na hiyo ndiyo uinunue kwanza. Niandikie ni ipi.

Baba yako anasema uvae soksi mbili.

Mama yako