Kishada si bawa la ndege

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kufua umeme kwa vishada vinavyorushwa na upepo nimeisoma mpaka mwisho, nikakwama mahali pawili. Kwanza, mmeandika kwamba kishada hupaa na jenereta yake. Mitambo ya namna hiyo ilikuwepo, kama ule wa kampuni ya Makani ya Marekani iliyofungwa 2020, lakini ule ulikuwa mgumu kama ndege. Cha kitambaa huiacha jenereta chini. Kinachora namba nane angani, kamba inafunguka kwenye rola, rola inazungusha jenereta. Kamba ikiisha kishada kinalegezwa, kinavutwa chini kwa umeme kidogo, kinaanza upya.

La pili ndilo lililonikera: eti kompyuta, ikikadiria kishada kitakavyoruka, inakikokotoa “kama bawa la ndege”. Mimi nashona vishada vya watalii, vile vya kuwavuta juu ya ubao baharini, hapa Paje, huu mwaka wa tisa. Bawa la ndege lina umbo lake. Kitambaa umbo hupewa na upepo, na umbo hilohilo ndilo linaloamua upepo ukisukume vipi. Msimu wa kusi uliopita nilimrudishia mteja kishada cha mita za mraba 12, kamba moja ya hatamu, zile zinazokishikilia kitambaa, ikiwa fupi kwa inchi moja. Adhuhuri haijafika, huyo karudi, karowa chapachapa, kishada kinamvuta kulia tu. Inchi moja, na aibu yote ile!

Mwanafunzi mmoja wa Kiholanzi alinifungulia kompyuta juu ya meza ya cherehani. Kwao Delft, chuo alikofundisha yule mwanaanga Wubbo Ockels, wamerusha vishada vya kujaza upepo vya mita za mraba 25, ndugu wa hivi vyetu. Kwenye kioo, kishada kilikuwa nukta zilizoungwa kwa springi. Programu inapima upepo, inasogeza nukta, inapima tena, mpaka umbo na upepo vipatane. Ukivuta kamba ya upande mmoja, ncha inajipinda, kishada kinageuka. Niliona, nikaridhika.

Nikamwuliza: kitambaa kilicholiwa na jua na chumvi misimu miwili, kikalegea, humo mnakiwekaje? Akacheka. Vipimo alivyokuwa navyo ni vya kitambaa kipya.

Nimempa vipande vitatu chakavu akavipime. Mwandishi wenu naye akitaka, aje; ninalo gunia zima.

Fundi wa vishada,
Paje, Unguja