Usiruhusu akate waya wa ile taa

Nyakato, Mwanza

Kwako Masanja,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Barabara ya kupanda Bugando jioni ni matope na utelezi mtupu. Shemeji na watoto hawajambo?

Ujumbe wako nimeupata. Eti fundi wa huko Sengerema anataka kukata waya wa ile taa yenye picha ya gari linaloserereka, isikusumbue macho? Mwambie aweke koleo chini. Taa hiyo ikimetameta kwenye utelezi, ujue mfumo wa kuzuia gari kuserereka (ESC) uko kazini. Ikiwaka moja kwa moja, mfumo umezimwa au umejitoa wenyewe, na kona utazikata peke yako.

Unasema ABS ipo, ile inayozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki, hayo mengine mbwembwe. Sikubali. Sensa za magurudumu zinajua kila tairi linazunguka kwa kasi gani, basi. Gari likiserereka kiubavu, tairi zote nne zinaweza kuendelea kuzunguka na sensa hizo zisishtuke. Anayeshtuka ni kile kisanduku ambacho kwenye magari mengi hufungwa sakafuni, katikati ya siti za mbele. Ndani yake mna vitu viwili. Kimoja kinapima gari linasukumwa ubavuni kwa nguvu kiasi gani, kama unavyomwegemea jirani yako daladala ikikata kona. Kingine kinapima gari lenyewe linageuka kwa kasi gani: mna kipande kidogo mno cha silikoni kinachotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na gari likigeuka, mtetemo ule unasukumwa pembeni. Msukumo huo ndio unaopimwa. Mimi mpaka leo kinanishangaza.

Lakini kugeuka peke yake si kosa. Kwenye mzunguko wa barabara gari hugeuka sana na hakuna shida. Ndiyo maana kompyuta inauliza usukani umekatwa kiasi gani na mwendo ni upi, halafu inalinganisha na kile gari linachofanya kweli. Ukikata kushoto na mkia ukitaka kukupita, inabana breki ya mbele kulia. Pua ikigoma kuingia konani, inabana ya nyuma kushoto. Ikibidi inapunguza na nguvu ya injini, wewe mguu wako haujagusa chochote. Mercedes-Benz na Bosch waliuleta mfumo huu barabarani mwaka 1995. Ulaya, tangu Novemba 2014, kila gari jipya lazima liwe nao.

Sasa la kwako, kwa nini taa inakusumbua. Uliandika kwamba walitoa mazulia na siti kukausha maji. Nashuku kisanduku kilifunguliwa kikarudishwa kimepinda au mshale wake umeelekea kusiko. Kikikaa upande, kinaiambia kompyuta mambo yasiyokuwepo. Kama si hicho, basi ni usukani: ulifanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, bila mtu kuiwekea sensa ya usukani sifuri upya, gari linanyooka huku sensa hiyo inaapa kwamba unakata kona.

Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, kwa hiyo huna kisingizio. Njoo Jumamosi asubuhi. Tutapima kwa mashine, tuweke kisanduku sawa, alaimenti, halafu sifuri, kwa mpangilio huo. Na zile tairi za nyuma unazosema "bado zinafaa" nitaziangalia mwenyewe, maana hakuna sensa inayootesha upya kashata za tairi zilizokwisha.

Wako,
Kulwa