Shukrani kwa ndugu aliyetufundisha kuchagua viwanja kwa sifa

Ndugu yetu, jina hukuliacha, ila shukrani zikufikie huko huko uliko.

Faili la DXF (mchoro uliotoka CAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta) likifunguliwa kwenye QGIS, programu ya ramani, humwaga kila kitu kwa mkupuo: mipaka, barabara, fremu, hata mshale wa kaskazini. Ulituambia tuache kubofya mstari mmoja mmoja, tubonyeze Ctrl+F3, dirisha la kuchagua kwa sharti, na kuandika "Layer" = 'MIPAKA'. Jina la safu ya jedwali la sifa (hapa Layer) hukaa kwenye nukuu mbili, thamani kwenye nukuu moja. Ukizigeuza, programu inatafuta safu iitwayo MIPAKA, nayo haipo. Na kwa kuwa mchoraji mmoja huandika Mipaka na mwingine MIPAKA, alama ya = humwacha mmoja nje. ILIKE, isiyojali herufi kubwa na ndogo, huwakamata wote.

Lakini asante kubwa ni ya namba za viwanja. Kwenye CAD namba haimo ndani ya kiwanja; ni nukta iliyoelea juu yake, maandishi yake yakiwa kwenye safu ya Text. Basi mistari igeuzwe poligoni (maumbo yaliyofungwa) kwanza, ndipo namba ziunganishwe kwa mahali, kila namba na poligoni iliyo chini yake. Kona ikiachwa wazi, hata sentimita moja, kiwanja hakifungi, kinapotea kimyakimya. Ndiyo maana ulisisitiza: hesabu namba, hesabu poligoni, linganisha.

Tena DXF kwa kawaida haibebi mfumo wa viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali mchoro ulipo duniani. Mchoro wa Dar es Salaam wa mfumo wa Arc 1960 (namba yake EPSG:21037) ukipewa 32737, ambayo ni ya WGS 84, unahama kama mita 300. Hilo nalo ulilitaja mapema, kabla hatujauliza.