Kipindupindu kambini: tusisubiri gari

Ndugu wahudumu wa kujitolea, habari za jioni. Kesho tukipita kwenye mahema, swali la kwanza liwe: nani anaharisha? Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo mwanzishieni mgonjwa ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi ili kurudisha maji mwilini) papo hapo, anywe kidogo kidogo hata akitapika, huku mkimpeleka kituoni. Pakiti zikiisha: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi, tafadhali, hasa kwa watoto. Anayenyonya aendelee kunyonya. Maji yaliyotiwa klorini yakae dakika 30 kabla ya kunywewa.

Wanaoficha wagonjwa wanaogopa kutengwa. Zungumzeni nao kwa upole, wameshapoteza makazi. Nani atashika zamu ya bombani asubuhi?